Filamu Nne za Superman: Uanze na Ipi, na Ipi Uiweke Baadaye?

Katika filamu ya Superman ya mwaka 1978 kuna sekunde chache ambazo, kwa maoni yangu, zimezitesa filamu zote za shujaa huyu zilizokuja baadaye. Clark Kent, ambaye ndiye Superman mwenyewe akijificha kama mwandishi wa habari, amefika nyumbani kwa mwandishi mwenzake, Lois Lane, kumchukua watoke pamoja. Lois ameingia chumbani kujiweka sawa, na Clark amebaki peke yake sebuleni. Anavua miwani. Mgongo uliokuwa umepinda unanyooka, mabega yanapanuka, kidevu kinapanda, na anapolitamka jina la Lois sauti yake imeshuka na kuwa nzito. Kwa kitambo hicho amekusudia kumwambia ukweli wote. Kisha Lois anarudi, naye anaivaa miwani upesi, mabega yanaporomoka, sauti inapanda tena na maneno yanaanza kumgongana mdomoni. Hapo hakuna ujanja wa kamera. Ni mwigizaji Christopher Reeve na mwili wake tu.

Tangu wakati huo Superman ameanzishwa upya katika majumba ya sinema mara tatu: mwaka 2006 akiigizwa na Brandon Routh, mwaka 2013 na Henry Cavill, na mwaka 2025 na David Corenswet. Kila mara swali la kwanza la watazamaji limekuwa lile lile, yaani kama huyu mpya anamfikia Reeve, na ni mara chache filamu hizo zimeulizwa kama ni nzuri zenyewe. Ndugu na marafiki wanaponiuliza watazame ipi, nimegundua kwamba siwezi kuwajibu bila kuzilaza filamu hizi ubavu kwa ubavu, tukio kwa tukio. Ndivyo nitakavyofanya hapa, baada ya kuzitazama upya zote nne katika muda wa wiki mbili, nyingine peke yangu na nyingine pamoja na watoto wa dada yangu. Nitalazimika kutaja jinsi baadhi ya hadithi zinavyokwisha, kwa hiyo anayependa kushtukizwa atazame kwanza, kisha arudi kusoma.

Nimeziacha kando filamu tatu za Reeve zilizofuata ile ya kwanza, za 1980, 1983 na 1987, isipokuwa pale ambapo ile ya pili inahitajika katika hoja. Nimeziacha pia zile ambazo Cavill anachangia jukwaa na Batman na wenzake, kwa sababu humo hatazamwi Superman peke yake.

Superman mwenyewe hakuzaliwa na filamu ya 1978. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland, walimtoa kwa wasomaji mwaka 1938 katika jarida la hadithi za picha. Alichorwa katika katuni za sinema kuanzia 1941, akaigizwa na Kirk Alyn katika filamu ya mfululizo ya 1948, kisha George Reeves akamleta katika televisheni za Marekani kuanzia 1952 hadi 1958. Hata Reeve, basi, alikuwa na wakubwa zake, na wazazi waliokuwa na umri wa kutosha walimpima kwa kipimo cha George Reeves. Mwongozaji Richard Donner aliwapita waliotangulia kwa jambo ambalo hawakuwa na fedha wala vifaa vya kulifanya: kumrusha mtu angani na mtazamaji akasadiki. Mtaalamu mmoja, Zoran Perisic, alibuni mfumo ambao lenzi ya kamera na lenzi ya projekta zilivuta na kusogeza picha kwa wakati mmoja, hivyo mwigizaji aliyening'inizwa mahali pamoja akaonekana anakuja mbio kumwelekea mtazamaji. Akademia ya filamu ya Marekani ikaipa kazi hiyo tuzo maalumu ya Oscar. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Pamoja na sifa hizo, anayeichagua filamu ya 1978 leo ajue anachokichagua. Ina dakika 143, na zaidi ya 40 za mwanzo hupita bila yeye kuonekana katika vazi lake. Kwanza tunakaa katika sayari ya Krypton, alikozaliwa, na Marlon Brando anayemwigiza baba yake mzazi, kisha shambani Kansas, kisha kwenye barafu. Mpwa wangu wa miaka tisa alivumilia hadi kwenye shamba, akanigeukia na kuniuliza, "Mjomba, steringi anaanza lini?" Swali lake lilikuwa la haki. Mtoto aliyezoea filamu za siku hizi, ambazo humtupa katikati ya vurugu kabla hajaketi vizuri, anahitaji mtu mzima pembeni wa kumwambia asubiri. Aliposubiri, na helikopta ikaanza kuning'inia juu ya paa la gazeti la Daily Planet huku Lois akiwa ameshikilia mkanda wa kiti, mtoto yule aliteremka kwenye kochi akasogea hadi karibu na kioo cha televisheni.

Tukio hilo la helikopta ndilo la kwanza la kulinganisha, kwa sababu filamu ya 2006 imelifanya upya makusudi. Mwaka 1978, Clark anatoka nje ya jengo akitafuta kibanda cha simu cha kubadilishia nguo, anakuta simu ya kisasa isiyokuwa na kibanda, anakimbilia mlango wa kuzunguka na kutoka akiwa Superman. Anamdaka Lois kwa mkono mmoja, na helikopta inayoporomoka anaidaka kwa mkono wa pili. Anamwambia asiogope, amemshika. Naye Lois anamuuliza, basi wewe umeshikwa na nani? Mtu anacheka na kusisimka kwa pumzi moja. Baada ya kumtua, Superman anamwambia kwamba kitakwimu kusafiri kwa ndege bado ndiyo njia salama kuliko zote.

Mwaka 2006 mwongozaji Bryan Singer anamweka Lois ndani ya ndege iliyojaa waandishi wa habari, iliyobeba chombo cha anga za juu ambacho kinakataa kuachana nayo. Ndege inapoanza kuanguka, Superman anashika bawa, na bawa linang'oka mikononi mwake, kwa sababu nguvu zake ni kubwa kuliko nguvu za bati. Inambidi aizunguke hadi mbele na kuisukuma kwenye pua ya ndege, chuma kinajikunja kuzunguka viganja vyake, kasi inapungua pole pole, na hatimaye anailaza kwenye nyasi za uwanja wa besiboli uliojaa watu. Uwanja unanyamaza, kisha unalipuka kwa shangwe. Ninaamini kabisa kwamba tukio hili ni bora kuliko la helikopta. Linaonyesha uzito, linaonyesha hofu ya walio ndani, na linaonyesha mtu mwenye nguvu akijifunza pale pale jinsi ya kuzitumia bila kuvunja. Halafu anafungua mlango wa ndege na kuwaambia abiria kwamba kitakwimu kusafiri kwa ndege bado ndiyo njia salama kuliko zote.

Sentensi hiyo moja ndiyo ugonjwa wa filamu ya 2006. Imetoka kushinda, kisha inageuka kumwangalia mtangulizi wake kama mwanafunzi anayetafuta uso wa mwalimu. Hadithi yake inaendelea kutoka pale filamu mbili za mwanzo za Reeve zilipoishia, kana kwamba shujaa alisafiri miaka mitano tu na kurudi. Majina ya mwanzo yanaruka angani kwa mtindo ule ule. Muziki wa John Williams wa filamu ya 1978 umerudishwa. Brando, aliyekuwa amekwisha kufariki mwaka 2004, anasikika tena kwa sauti na picha za kale. Lex Luthor, adui mkubwa wa Superman, mwaka 1978 alikuwa na tamaa ya viwanja akitaka kuizamisha pwani ya California. Lex Luthor wa 2006 ana tamaa ile ile ya ardhi, safari hii anaotesha bara jipya baharini. Routh alizaliwa mwaka 1979, miezi baada ya ile ya kwanza kutoka, na amepewa kazi ngumu isiyo na shukrani ya kufanana na mtu mwingine. Anafanana naye kweli, nyakati nyingine hadi unashtuka. Lakini mwigizaji akishafanana kabisa, mtazamaji hana la kufanya ila kuhesabu tofauti.

Kuna jambo la heshima ndani ya kosa hilo, na sipendi kulipita. Reeve alianguka kutoka kwenye farasi mwaka 1995, akapooza kuanzia shingoni, akaishi miaka tisa iliyobaki akipigania utafiti wa majeraha ya uti wa mgongo, hadi alipofariki Oktoba 2004. Mke wake Dana alimfuata Machi 2006. Filamu iliyotoka miezi michache baadaye iliwekwa wakfu kwao wote wawili. Ukiitazama kama maombolezo ya mtu huyo, polepole yake inaeleweka, na huzuni ya Routh inapata mahali pa kukaa. Ukiitazama kama filamu ya kusisimua ya saa mbili na nusu, ambayo shujaa wake hapigani na adui wa kulingana naye hata mara moja, utachoka. Ilikusanya takriban dola milioni 390 kwa gharama iliyozidi milioni 200, na studio haikuendelea na mwendelezo.

Kwa hiyo waliokuja mwaka 2013 wakaamua kwenda njia ya pili: kukata kamba kabisa. Mwongozaji Zack Snyder aliondoa kaptula nyekundu iliyokuwa ikivaliwa juu ya suruali, akaondoa wimbo wa Williams na kumpa Hans Zimmer nafasi ya kuanza upya, akaondoa vichekesho vya ofisini, na akamwacha Lois agundue siri ya Clark mapema badala ya kudanganywa filamu nzima. Uamuzi huo haukutoka hewani. Christopher Nolan, aliyekuwa mmoja wa watayarishaji na aliyeshiriki kubuni hadithi, alikuwa amemaliza filamu tatu za Batman kati ya 2005 na 2012 kwa rangi za giza na uzito wa mambo ya dunia, na zilikuwa zimependwa mno. Hapo filamu ya 2013 ikajikuta chini ya vivuli viwili badala ya kimoja. Waliompenda Reeve walilalamika kwamba haifanani naye, na waliopenda Batman wa Nolan walilalamika kwamba haina kina kile. Batman alikuwa ameponea hapo kwa sababu filamu yake iliyotangulia, ya 1997, ilidharauliwa na wengi, kwa hiyo Nolan hakuwa na mtu wa kumkumbusha. Kuanza upya baada ya filamu iliyochukiwa ni rahisi kuliko kuanza baada ya iliyopendwa.

Mahali pa kuzipima hizi mbili, ya 1978 na ya 2013, ambazo kwa bahati zote zina dakika 143, ni kifo cha Jonathan Kent, baba aliyemlea Clark. Katika ile ya kwanza Glenn Ford anazungumza na kijana wake barabarani jioni, anamwambia hakuletwa duniani bila sababu, wanaanza kukimbizana kuelekea nyumbani, kisha mzee anasimama, anashika mkono wake wa kushoto, na anaanguka. Ni moyo. Makaburini Clark anasema kwamba pamoja na uwezo wake wote ameshindwa kumwokoa. Katika ya pili, kimbunga kinawakuta barabarani, Kevin Costner anarudi kwenye gari kumfungulia mbwa, mguu wake unaumia, na Clark yuko umbali ambao angeuvuka kwa kufumba na kufumbua. Baba ananyoosha kiganja kumzuia, kwa sababu watu wanaona. Clark anabaki pale, na kimbunga kinamchukua baba yake.

Hapa sina shaka. Kifo cha 1978 kinafundisha mpaka wa nguvu kwa njia ambayo kila aliyefiwa anaielewa, kwani hakuna mwenye nguvu za kuusukuma moyo uliosimama. Kifo cha 2013 kinahitaji maelezo, na kila maelezo yanaacha swali: je, siri ina thamani kuliko baba? Lakini sitaki nimdhulumu Snyder. Kiganja kile kilichonyooshwa, na Costner akisimama kimya huku vumbi likimfunika, ni picha inayokaa na mtu, na Cavill anaibeba adhabu hiyo usoni filamu nzima. Ni filamu ya mtu mpweke anayeogopa kuonekana. Anayetafuta uzito wa namna hiyo ataupata humo kuliko katika nyingine yoyote ya hizi nne. Na anayetafuta mapigano ya watu wenye nguvu za kupasua majengo hana haja ya kuuliza mara mbili.

Ni katika mapigano hayo ndipo lilipotokea lalamiko kubwa kuliko yote. Mwishoni Superman anamkaba Jenerali Zod, adui yake kutoka Krypton, ambaye anaelekeza macho yake ya moto kwa familia iliyobanwa kwenye kona, na asipoweza kumzuia kwa njia nyingine anamvunja shingo, kisha anapiga yowe la uchungu. Wengi walisema Superman wa kweli haui, na wakamtaja Reeve kama shahidi. Nilipousikia ushahidi huo kwa mara ya kumi niliirudia filamu ya pili ya Reeve, ya 1980. Humo Zod amekwisha kunyang'anywa nguvu zake. Superman anamvunja mkono, anamnyanyua, anamtupa ukutani, naye anateleza na kutumbukia katika shimo la barafu, na filamu ya sinema haimwonyeshi tena. Anatabasamu baada ya hapo. Hakuna aliyepiga yowe.

Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu kwa sababu linaeleza mkasa wote wa filamu hizi. Filamu mpya haishindani na filamu ya zamani. Inashindana na kumbukumbu, na kumbukumbu imekwisha kufanya kazi ya mhariri: imekata zile dakika 40 za mwanzo, imemsahau Zod shimoni, na imesamehe mwisho wa 1978 ambapo Superman anaizunguka dunia kwa kasi hadi wakati unarudi nyuma na Lois anafufuka. Filamu yoyote ya leo ikithubutu mwisho kama huo itachekwa wiki nzima. Ndiyo maana ninamshauri kila anayetaka kumhukumu Superman mpya airudie kwanza ile ya zamani, aitazame yote, asitegemee aliyoyahifadhi kichwani tangu utoto. Mimi mwenyewe niliiona kwanza kwenye mkanda wa VHS uliochakaa kiasi kwamba nusu ya anga ilikuwa na mistari myeupe, na kwa miaka mingi niliapa kwamba hapakuwa na dakika ya kuchosha.

James Gunn, mwongozaji wa filamu ya 2025, anaonekana kulielewa hili kuliko waliomtangulia. Hakuiga na hakukataa, aliruka. Hakuna Krypton inayolipuka, hakuna mtoto shambani, hakuna baba anayekufa. Maandishi machache yanatuarifu kwamba mambo yalianza karne tatu zilizopita, kisha miongo mitatu, kisha miaka mitatu, na kuendelea kushuka hadi dakika tatu zilizopita, ambapo Superman amepigwa katika pambano kwa mara ya kwanza. Kisha anaanguka thelujini, damu mdomoni, anapiga mluzi kumwita mbwa. Mpwa wangu hakuuliza steringi anaanza lini. Kwa kukwepa chimbuko la shujaa, Gunn amelikwepa eneo lote ambalo Reeve na Brando na Ford wamelitawala. Vilevile ameirudisha kaptula nyekundu bila aibu, na wimbo wa Williams unasikika ndani ya muziki mpya, mara nyingine kwa gitaa la umeme. Will Reeve, mtoto wa Christopher ambaye ni mwandishi wa habari wa televisheni, anaonekana kwa muda mfupi akiripoti habari. Salamu kwa wazee imetolewa, na maisha yanaendelea.

Tukio la kulinganisha hapa ni mahojiano. Mwaka 1978 Lois anamsubiri Superman kibarazani usiku akiwa amevaa gauni la jioni, kalamu mkononi. Anamuuliza urefu wake, uzito wake, na maswali mengine yanayomfanya ashikwe na haya mwenyewe, kisha wanaruka pamoja juu ya jiji. Ni mahojiano ya kimapenzi, na Margot Kidder anayafanya kwa uchangamfu usioigika. Lakini ukiyatazama kwa jicho la kazi, mwandishi huyo hakuuliza swali hata moja la maana. Mwaka 2025 Lois wa Rachel Brosnahan tayari anamjua Clark na wana uhusiano wa miezi kadhaa. Wako nyumbani kwake, anawasha kinasa sauti, na anamhoji kuhusu uamuzi wake wa kuizuia nchi moja isiivamie nyingine. Alishauriana na nani? Alijua nini kuhusu serikali ya pande zote mbili? Superman anaanza kwa kutabasamu, anakereka, anapandisha sauti akisema watu wangekufa, na mwisho anaondoka akiwa amekasirika. Tukio hilo ni refu, ni watu wawili tu chumbani, na halina mlipuko hata mmoja. Ndilo tukio bora la filamu hiyo, na hapa ninaipa ushindi ya 2025 bila kusita, kwa sababu kwa mara ya kwanza ninaona kwa nini mwanamume huyu angempenda mwanamke huyu na kumwogopa pia.

Linahusiana na hilo jambo ambalo sisi tusio Wamarekani tunaliona upesi. Mwaka 1978 Superman anamwambia Lois kwamba amekuja kupigania ukweli, haki na njia ya Marekani. Mwaka 2006 mhariri wa gazeti anauliza kama bado anasimamia ukweli, haki na hayo mengine yote, na Marekani imekwisha kumezwa. Mwaka 2013 anamwambia jenerali kwamba amekulia Kansas, hakuna Mmarekani kumzidi. Mwaka 2021 wachapishaji wa hadithi zake za picha, DC, waliibadili rasmi kaulimbiu iwe ukweli, haki na kesho iliyo bora. Superman wa 2025 analaumiwa kwa kuizuia nchi ambayo ni mshirika wa Marekani. Mtu akizitazama nne hizi kwa mfululizo anaiona nchi ikihangaika na picha yake yenyewe.

Lakini filamu ya 2025 imejaza watu. Ndani ya dakika 129 kuna mashujaa wengine kama Green Lantern, Hawkgirl, Mister Terrific na Metamorpho, ulimwengu wa mfukoni uliotengenezwa na Lex Luthor, na mabishano ya nchi mbili za kubuni. Asiyewahi kusoma hadithi za picha ataona wageni wengi sebuleni bila kutambulishwa. Tena, mbwa Krypto asimdanganye mzazi. Kuna tukio ambalo Luthor anamuua raia asiye na hatia kwa bastola mbele ya Superman aliyefungwa, na mtoto mdogo wa dada yangu alilia. Katika ile ya 1978 vifo havionyeshwi kwa ukali wa namna hiyo.

Kwa hiyo, kwa aliye na watoto wa chini ya miaka kumi, ninachagua ya 1978, na asione haya kuipeleka mbele kidogo katika Krypton. Kwa vijana wa sekondari na watu wazima ambao hawajawahi kumwona Superman yeyote, waanze na ya 2025, kwa sababu haidai ujuzi wowote wa zilizotangulia, kisha warudi 1978 wakiwa na subira. Anayependa filamu za vita, mitetemo ya ardhi na uso wa mtu aliyebeba msiba, achukue ya 2013, na aitazame kabla ya ile ya zamani. Nimeona wanaofuata mpangilio huo wakiihukumu kwa upole zaidi. Ya 2006 iwe ya mwisho kwa kila mtu, na itazamwe tu baada ya ile ya 1978, tena siku chache baadaye na si usiku huo huo. Bila hiyo haieleweki, na ikifuatana nayo moja kwa moja inaonekana marudio.

Jambo moja zaidi kwa wanaotazama matoleo yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ambayo msimulizi mmoja huzungumza kwa niaba ya wahusika wote. Ya 2013 inavumilia vizuri kutazamwa hivyo, maana nusu yake ni majengo yanayoanguka. Ya 2025 inapoteza mahojiano yale, lakini mengine yanabaki. Ya 1978 isitazamwe hivyo hata kidogo, kwa sababu sauti mbili za Reeve zitafunikwa na sauti ya tatu, na mtu akifika sebuleni kwa Lois, Clark anapovua miwani, ataona mabega tu.